Bei ya Tatuu Inatoka Wapi

Katika tatuu iliyokamilika, kitu pekee kinachobaki mwilini ni wino, na wino huo ndio wenye mchango mdogo kabisa katika bei. Chupa ya mililita 30 ya wino mweusi huhudumia wateja wengi, kwa kuwa mchoro wa ukubwa wa kiganja hutumia mililita chache tu. Sehemu kubwa ya malipo huenda kwenye saa za mchoraji, zile ambazo mteja anaziona akiwa amekaa kitini na zile asizoziona. Baada ya saa hizo huja vifaa vinavyotumika mara moja na kutupwa, kisha pango, kodi na leseni, na mwisho ujuzi na jina la mchoraji mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wawili wanaweza kuwa na michoro inayofanana, mmoja akiwa amelipa mara nne ya mwenzake, na wote wasiwe wamepunjwa.

Ili kuelewa kwa nini saa ya mchoraji ina gharama, ni vizuri kuanza na kazi yenyewe. Ngozi ina tabaka la juu ambalo hujimenya na kujifanya upya kila baada ya wiki chache. Wino ukiishia hapo huondoka pamoja na ngozi iliyokufa, na mchoro hufifia kabla ya miezi miwili. Wino unatakiwa ufike katika tabaka la pili, kina cha milimita moja hadi mbili hivi kutoka juu. Sindano ikizama zaidi ya hapo, damu hutoka kwa wingi, wino husambaa chini ya ngozi na kuacha ukungu wa bluu pembeni mwa mistari, na kovu huweza kujitokeza. Wino uliofika mahali pake humezwa na seli za kinga ya mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliofanya majaribio kwa panya, walionyesha kwamba seli hizo zinapokufa huachia chembe za wino, na seli mpya zinazochukua nafasi yake huzimeza chembe hizo tena papo hapo. Tatuu hudumu kwa njia hiyo, kwa kupokezana. Kwa hiyo mchoraji hufanya kazi ndani ya nafasi isiyozidi milimita moja, kwa sindano inayopiga maelfu ya mara kwa dakika, juu ya uso laini unaopumua, unaovimba na kushtuka kwa maumivu. Mchoraji wa karatasi akikosea hufuta, ilhali hapa hakuna cha kufutia.

Mashine ndiyo iliyofanya tatuu iweze kununuliwa na watu wa kawaida. Kabla yake kazi yote ilikuwa ya mkono. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walichanja ngozi kwa kisu kidogo na kusugua mkaa ndani ya chale. Wajapani walitumia, na baadhi yao bado hutumia, kijiti chenye safu ya sindano kinachosukumwa kwa mkono. Nchini Samoa, mchoro mkubwa wa wanaume unaoanzia kiunoni hadi magotini huchukua siku nyingi, na kwa desturi fundi hulipwa mikeka myembamba iliyosukwa kwa ustadi, pamoja na chakula. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi ili kutengeneza nakala. Samuel O'Reilly, mchora tatuu wa New York, aliichukua kanuni hiyo akaigeuza kuwa mashine ya kuchora ngozi, akapata hataza yake tarehe 8 Desemba 1891. Kazi ya siku ikawa ya saa chache, na bei ikashuka. Wanaoendelea na kazi ya mkono leo hutoza zaidi, na sababu kuu si fahari ya kale: kazi hiyo hula muda mwingi.

Wachoraji hutoza kwa njia tatu. Mchoro mdogo au unaojulikana mapema, kama jina, nyota au msalaba, hupewa bei moja kamili. Kazi kubwa isiyotabirika, kama mkono mzima au mgongo, hutozwa kwa saa. Wengine huuza siku nzima, kwa kawaida saa tano hadi saba za kazi, kwa bei nafuu kidogo kuliko kulipia saa moja moja. Nchini Marekani bei ya saa kwa kawaida huwa kati ya dola 100 na 250, na wenye majina makubwa huvuka hapo kwa mbali. Afrika Mashariki bei ya mchoro mzima ndiyo imeshika, kwa kuwa mteja wetu hupenda kujua jumla kabla ya kukaa. Lakini hata anayetaja jumla huwa amepiga hesabu ya saa kichwani. Tofauti ni nani anayebeba hasara kazi ikichelewa. Kwa bei ya mchoro ni mchoraji. Kwa bei ya saa ni mteja, hasa yule anayejikunyata kila sindano inapomgusa au anayeomba kupumzika kila baada ya dakika kumi.

Saa moja ya sindano hubeba saa nyingine nyuma yake. Kuna mazungumzo ya kwanza, kupokea picha alizotuma mteja usiku wa manane, kuchora, kurekebisha, kuchora tena, kuhamishia mchoro kwenye karatasi maalumu ya kunakilia, kuibandika kwenye ngozi na kuibandua ikiwa imekaa upande. Kuna kuandaa meza na kufunika kila kitakachoguswa, na mteja akiondoka kuna kusafisha yote hayo. Mchoraji aliyefungua mlango saa tatu asubuhi na kuufunga saa kumi na mbili jioni anaweza kuwa amechora kwa saa nne tu.

Hesabu ya mfano, yenye tarakimu za kubuni lakini mwendo wa kweli, itaonyesha jinsi bei ya saa inavyopatikana. Tuseme mchoraji mmoja wa Nairobi ana gharama zisizobadilika za shilingi 90,000 kwa mwezi: pango, umeme, maji, intaneti, leseni na msaidizi. Anahitaji shilingi 110,000 nyingine kwa ajili ya kuishi, kubadilisha vifaa vilivyochakaa na kuweka akiba kidogo. Jumla ni 200,000. Ikiwa anapata saa 60 za sindano kwa mwezi, kila saa lazima ilete shilingi 3,333 kabla hajanunua hata glavu moja. Akipata saa 100, bei hiyo hushuka hadi 2,000. Hapo pana jambo ambalo wateja wengi hulisahau: mchoraji mwenye wateja wengi anaweza kumudu bei ndogo kuliko asiye na wateja, ingawa soko humsukuma afanye kinyume, yaani apandishe bei kwa kuwa foleni yake ni ndefu.

Tuendelee na mfano huohuo. Tuseme vifaa vya kutupwa kwa mteja mmoja vinagharimu shilingi 1,200. Nyota ndogo ya kifundo cha mkono huchorwa kwa dakika 20, lakini maandalizi na usafi huchukua karibu dakika 45, hivyo kiti kimeshikwa kwa zaidi ya saa moja. Mchoraji asipotoza karibu saa nzima pamoja na vifaa, yaani shilingi 4,500 hivi, nyota hiyo inamtia hasara. Kiasi hicho ndicho bei ya chini, ile ambayo studio haiteremki chini yake hata mteja akitaka nukta tu. Kazi ya saa nne kwenye mkono nayo ingefika shilingi 15,000 hivi, na vifaa vyake, hata vikiongezeka hadi 1,800, vingekuwa asilimia 12 ya bei. Katika nyota vilikuwa zaidi ya asilimia 25. Kwa kila sentimita ya ngozi, tatuu ndogo ni ghali kuliko kubwa, na haiwezi kuwa vinginevyo.

Ukubwa wenyewe una hesabu inayowashangaza watu. Mteja huja akiomba mchoro uleule "uongezwe mara mbili" na hutarajia bei iongezeke mara mbili. Mraba wenye upande wa sentimita 5 una eneo la sentimita za mraba 25, na mzingo wake ni sentimita 20. Ukiongezwa upande hadi sentimita 10, mzingo unakuwa 40, mara mbili, lakini eneo linafika 100, mara nne. Mchoro wa mistari mitupu huongezeka gharama kwa kufuata mzingo. Mchoro wa kujazwa rangi au kivuli hufuata eneo. Anayetaka mchoro mkubwa kwa fedha chache basi achague mistari na kuacha nafasi za ngozi tupu, na mara nyingi mchoro wa namna hiyo hupendeza zaidi.

Mtindo nao una uzito wake. Herufi nene na alama za mistari ndizo rahisi. Kivuli cha taratibu kinachotoka weusi hadi kijivu chepesi huhitaji kupita juu ya eneo moja mara kadhaa bila kuichosha ngozi. Rangi nyingi humaanisha sindano nyingi zaidi, kuosha katikati ya kazi, na wakati mwingine kikao cha pili. Sura ya mtu, hasa ya mzazi aliyefariki, ni miongoni mwa kazi ghali kabisa, kwa sababu jicho la binadamu hukubali mti uliopinda lakini halisamehe pua iliyopinda. Maandishi madogo sana yanaonekana ya bei rahisi, ila yana mtego: kadiri miaka inavyopita wino hutanuka kidogo ndani ya ngozi, na herufi zilizobanana huungana. Mchoraji mwadilifu hukataa kuandika aya ya kitabu kitakatifu katika nafasi ya sarafu, au husisitiza iwe kubwa, na mteja huondoka akidhani anaongezewa gharama kwa makusudi.

Sehemu ya mwili hubadilisha bei ya mchoro uleule. Upande wa nje wa mkono ni mahali pepesi: ngozi ni imara, hutandazika vizuri, na mteja huvumilia. Mbavu hupanda na kushuka kwa kila pumzi na maumivu yake humfanya mteja atikisike. Shingo, ndani ya kiwiko na nyuma ya goti zina ngozi laini inayokunjika. Vidole, viganja na nyayo ni tatizo la aina yake, kwani ngozi yake husuguliwa mchana kutwa na hujifanya upya haraka, hivyo wino hutoka kwa mabaka. Wachoraji wengi huikubali kazi ya vidole kwa bei ya juu na bila ahadi ya marekebisho ya bure. Wengine huikataa kabisa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala la ngozi nyeusi linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndilo linalotenganisha mchoraji anayestahili bei yake na asiyestahili. Melanini, inayoipa ngozi rangi, hukaa katika tabaka la juu, na wino hukaa chini yake. Mtazamaji huiona tatuu kupitia melanini hiyo. Wino mweusi hupenya pazia hilo bila shida. Njano, waridi na bluu nyepesi hubadilika sura au hupotea kabisa, wakati nyekundu iliyokolea, kijani kizito na bluu nzito zinaweza kuonekana vizuri zikiwekwa na mtu anayejua. Mchoraji anayejua hupanga mchoro wenye mistari iliyokoza na nafasi za kutosha. Asiyejua huona rangi haitokei, akakandamiza sindano zaidi akidhani ngozi ni ngumu. Ngozi nyeusi si ngumu. Kinachofuata kukandamiza ni majeraha, na kwa watu wenye asili ya Afrika majeraha yana hatari ya ziada ya keloidi, lile kovu nene linaloendelea kukua kupita mipaka ya kidonda. Mwenye historia ya keloidi, hata ile iliyotokana na kutoboa sikio, anapaswa kusema kabla ya kazi kuanza. Mchoraji makini huweza kufanya jaribio dogo la rangi kwanza na kumwita mteja tena baada ya wiki kadhaa. Jaribio hilo ni kikao, na kikao ni muda unaolipiwa.

Sasa ile sehemu ya bei ambayo macho ya mteja hayaioni. Kila tatuu ni maelfu ya vidonda vidogo, na chombo kilichogusa damu ya mtu mmoja kikifika kwa mwingine huweza kubeba homa ya ini aina ya B na C, na hata virusi vya UKIMWI. Kirusi cha homa ya ini B ndicho kikaidi zaidi: huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa angalau siku saba, hata katika tone la damu lililokauka mezani. Hofu ya homa ya ini ndiyo iliyolifanya Jiji la New York lipige marufuku tatuu mwaka 1961, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1997. Kwa hiyo sindano hutoka katika pakiti iliyofungwa na kutakaswa kiwandani, hufunguliwa mbele ya mteja, na kazi ikiisha huingia katika sanduku gumu la vitu vyenye ncha kali. Wino humiminwa katika vikombe vidogo na unaobaki humwagwa, haurudi chupani hata ukiwa mwingi. Glavu hubadilishwa mara kadhaa katika kikao kimoja, kwa mfano kila mchoraji anaposhika simu. Mashine, waya, chupa ya maji na kiti hufunikwa kwa plastiki ambayo nayo hutupwa. Vifaa vya chuma vinavyorudiwa lazima vipite katika otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo wenye nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria au kufuta kwa spiriti hakutoshi. Taka zenye damu zinatakiwa zichomwe katika tanuri maalumu kama zile za hospitali, na huduma hiyo hulipiwa. Mchoraji mwenyewe anahitaji chanjo ya homa ya ini B, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita.

Hata wino uliofungwa vizuri unaweza kuleta balaa. Kati ya mwishoni mwa 2011 na mapema 2012, watu 19 waliochorwa mjini Rochester, jimbo la New York, walipata vipele visivyopona. Uchunguzi ulikuta bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, na chanzo kikawa wino wa kijivu uliotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa ambayo hayakuwa yametakaswa. Studio ilikuwa safi na mchoraji alivaa glavu. Kosa lilikuwa ndani ya chupa kabla haijafunguliwa. Tukio hilo linaeleza kwa nini wino wenye namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji anayejulikana huuzwa ghali kuliko ule usio na lebo, na kwa nini kuuongezea wino maji ya bomba ili upate kijivu ni jambo la hatari. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2022 kanuni zake zinabana matumizi ya maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, na watengenezaji wakalazimika kubadilisha michanganyiko yao.

Karibu kila kitu kilichotajwa hapa huagizwa kutoka nje: mashine, katriji za sindano, wino, karatasi za kunakilia. Bei yake ni ya dola, juu yake huja nauli ya ndege, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Mchoraji mdogo ambaye mauzo yake hayajafikia kiwango cha kusajiliwa hamtozi mteja kodi hiyo, lakini yeye huwa ameshailipa bandarini au uwanja wa ndege na hana njia ya kuirudisha, hivyo huimeza katika bei. Mabadiliko ya sarafu humgusa moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi za Kenya 124 hivi. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika 160. Katriji ileile, kutoka kiwanda kilekile, ilipanda kwa zaidi ya robo bila kubadilika chochote.

Mahali pa kazi pana bei yake pia. Studio ya Westlands au Masaki hulipia mtaa, na sehemu ya kila mchoro huenda kwa mwenye nyumba. Chumba cha ghorofani katikati ya mji kina pango dogo, na usafi wake unaweza kuwa sawa au hata kupita. Kiyoyozi na makochi ya ngozi havitakasi sindano. Katika studio yenye wachoraji kadhaa, mchoraji ama hukodi kiti kwa mwezi, kama ilivyo katika saluni na vinyozi, ama hugawana mapato na mwenye studio, mara nyingi nusu kwa nusu au 60 kwa 40. Anayelipwa shilingi 10,000 katika mpango huo huenda nyumbani na 5,000 au 6,000, na mara nyingi wino na sindano ni juu yake. Wapo pia wanaochora nyumbani kwa mteja. Hao huonekana nafuu kwa kuwa hawana pango, ila hawana pia otoklevu wala sanduku la taka kali, na meza ya kulia chakula si mahali pa kufanyia kazi ya damu.

Juu ya yote hayo huja jina. Mchoraji huanza kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, ya kujifunza bila malipo ya maana, akichora ngozi za bandia, ngozi ya nguruwe na marafiki wenye moyo. Bei yake hupanda kadiri kazi zake zinavyoonekana na foleni inavyorefuka. Hapa ndipo bei hugeuka kuwa suala la ladha, na wapo wanaotoza umaarufu wa mtandaoni kuliko ustadi. Kipimo kizuri ni picha za tatuu zilizokwisha kupona. Mchoro mpya hung'aa kwa mafuta na wekundu na huficha makosa mengi. Ule wenye mwaka mmoja huonyesha mkono wa mchoraji ulivyo.

Malipo yenyewe huanza na arabuni, ambayo kwa kawaida hairudishwi. Si ukatili. Mteja asipotokea, mchoraji amepoteza saa za kuchora na kiti kimekaa bure mchana mzima. Arabuni hukatwa katika bei ya mwisho, na studio nyingi huruhusu tarehe kusogezwa mara moja ikiwa taarifa imetolewa mapema. Marekebisho ya mara ya kwanza, kwa sehemu ambazo wino haukushika, mara nyingi huwa ndani ya bei iwapo mteja aliitunza ngozi alivyoelekezwa. Aliyekwenda kuogelea Diani au Nungwi siku ya tatu hulipia mwenyewe. Bakshishi ni desturi ya Marekani, ya asilimia 15 hadi 20. Kwetu ni hiari.

Kuna gharama zinazokuja baadaye, na zinafaa kuhesabiwa mapema. Kufunika tatuu ya zamani huhitaji mchoro mkubwa zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu ya ule wa kwanza, na mzito zaidi kwa rangi. Jina la mpenzi lenye herufi tano huandikwa kwa bei ya chini ya studio na hufunikwa kwa bei ya waridi kubwa, na wachoraji hupata riziki nzuri kutokana na mapenzi yaliyokwisha. Kufuta kwa leza ni ghali kuliko kuchora: huhitaji vikao kadhaa, mara nyingi zaidi ya vitano, vilivyopishana kwa wiki sita hadi nane, na kila kimoja hulipiwa. Kwa ngozi nyeusi inayofaa zaidi ni leza ya mawimbi ya nanomita 1,064, kwa sababu melanini huifyonza kidogo. Leza isiyo sahihi huchoma ngozi na kuacha mabaka meupe. Kuna pia gharama isiyo ya fedha. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na Shirika la Afya Duniani hushauri aliyechorwa karibuni asichangie damu kwa miezi sita.

Piko, rangi nyeusi ya juu ya ngozi inayochorwa fukweni kwa watalii, na siku hizi kwa maharusi, huuzwa kama tatuu ya bei ndogo isiyo na madhara kwa kuwa hufutika. Weusi wake hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD, ambayo katika Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 na haikubaliki kupakwa kwenye ngozi. Kwa baadhi ya watu huleta malengelenge na kovu lenye umbo la ua walilochorwa. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia iendayo wekundu, na haina haja ya kuwa nyeusi.

Bei ya tatuu inaweza kujadiliwa, na mchoraji hachukii kuulizwa. Mteja mwenye fedha chache ana nafasi ya kupunguza ukubwa, kuondoa rangi, kuhamisha mchoro mahali pepesi au kuugawa katika vikao viwili vya miezi tofauti. Asichopaswa kukubali ni bei inayoshuka ghafla huku mchoro ukibaki uleule, kwa kuwa pango halishuki kwa mazungumzo na umeme haushuki. Kinachoweza kupunguzwa haraka ni sindano mpya, glavu na wino wenye lebo. Kabla ya kutoa arabuni, aombe kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa, chupa ya wino yenye tarehe, na picha za kazi zilizopona kwenye ngozi inayofanana na yake. Studio isiyoweza kumwonyesha vitu hivyo ni ghali kwa bei yoyote itakayotaja.